Mwanao Akiugua Akili: Mwongozo wa Mzazi Kuanzia Usiku wa Kwanza

Mwanangu alikuwa kidato cha tatu alipoanza kuifunika televisheni kwa kanga zangu. Aliifunika taratibu, akizichomeka pembe kwa nyuma kama mtu anayetandika kitanda. Nilipomuuliza akaniambia, "Mama, wanatuona." Nilicheka. Kwa wiki tatu nzima nilidhani ni mambo ya ujana, na hadi leo nikizihesabu wiki zile roho inaniuma. Naandika kwa ajili ya mzazi aliye ndani ya wiki hizo tatu sasa hivi, na kwa yule aliyezipita kitambo na bado anahangaika.

Mimi si daktari. Ni mama wa Dar es Salaam ambaye kwa miaka sita ameketi kwenye mabenchi ya kliniki ya afya ya akili, akajifunza kwa madaktari, kwa manesi, kwa wazazi wenzake, na zaidi kwa mtoto mwenyewe. Nitazungumzia hasa ugonjwa unaomfanya kijana asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, maana ndio ulioingia nyumbani kwangu. Mengi kati ya haya yatamfaa pia mzazi wa mtoto mwenye sonona (huzuni nzito isiyoondoka), baipola (kupanda na kushuka kwa hali ya moyo kupita kiasi) au hofu iliyopitiliza.

1. Nunua daftari

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila siku andika tarehe, mtoto amelala kwa saa ngapi, amekula nini, na jambo lililokushtua, kwa maneno yale yale aliyoyatamka. Usiandike hukumu yako. "Kachanganyikiwa" haimwambii daktari kitu. "Jumanne usiku amelala kwa saa mbili tu, amekataa ugali akisema umetiwa dawa, ameongea peke yake bafuni mpaka alfajiri" inamwambia karibu kila kitu. Kliniki ina foleni, unaweza kupewa dakika kumi, na mzazi mwenye hofu husahau pale pale anapoketi. Siku ya kwanza niliulizwa ameanza lini, nikabaki natoa macho.

Andika kile kilichobadilika. Aliyekuwa msafi ameacha kuoga. Aliyekuwa na marafiki anajifungia. Usiku umekuwa mchana wake. Anacheka au anajibu wakati hakuna aliyemsemesha. Anasema anafuatwa, anasomwa mawazo, anatajwa redioni. Kwa sonona dalili si lazima ziwe machozi. Kijana anaweza kuwa mkali wa kila dakika, akalalamika kichwa na tumbo ambavyo vipimo havioni tatizo lake, akaacha mpira alioupenda, akasema hana faida duniani.

Jambo moja la siku moja halitoshi kuitwa ugonjwa. Mabadiliko kadhaa yakidumu wiki mbili, nenda hospitali. Ukisikia habari za sauti au za kufuatwa, usisubiri hata hizo wiki mbili.

Na usidhani ni wewe tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa la wanafunzi 70 ufanye hesabu mwenyewe.

2. Mpeleke hospitali, na mwili uchunguzwe kwanza

Mtoto aliyebadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, hasa akiwa na homa, shingo iliyokakamaa, degedege au usingizi usioamshika, ni wa hospitali usiku huo huo. Malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo zinaweza kuja na kuweweseka, na mzazi akidhani ni wazimu au mashetani mtoto anaweza kufa kabla hakujapambazuka. Kifafa nacho huleta vipindi vya kuchanganyikiwa. Bangi, pombe na dawa za kulevya pia, na hapo muulize mtoto bila kumtisha. Ukianza na fimbo utapewa uongo, na daktari atatibu huo uongo.

Lakini mwili ukishachunguzwa, usikubali kuzungushwa. Sisi tulikwenda kituo kimoja cha afya mtaani kwetu, mwanangu akatibiwa malaria na taifodi mara mbili mfululizo, huku anazidi kutolala. Mara ya tatu nikafungua daftari mbele ya mganga wa kituo, nikamsomea kurasa mbili, nikasema, "Naomba barua ya rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili." Aliiandika hapo hapo. Neno *rufaa* lina nguvu kuliko machozi.

Kwa Dar es Salaam, Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Mirembe iko Dodoma, Lutindi iko Korogwe, Zanzibar kuna Kidongo Chekundu, na Kenya kuna Mathari jijini Nairobi. Si lazima uanzie huko. Hospitali nyingi za mikoa zina nesi au daktari wa afya ya akili mwenye siku zake za kliniki. Piga simu au nenda mapokezi, uliza ni siku gani. Wahi asubuhi, beba maji na kitu cha kutafuna, na kama mtoto haelewani na kelele, omba akae nje na ndugu mpaka aitwe.

Kuhusu fedha: Tanzania, magonjwa ya akili ni miongoni mwa magonjwa sugu yaliyomo kwenye sera ya msamaha wa gharama katika hospitali za umma. Msamaha huo hauji wenyewe. Mtafute afisa ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini, mweleze hali yako ya kipato. Wazazi wengi wanalipa mpaka wanauza mbuzi kwa sababu tu hawakujua mlango wa kugonga.

Ukiwa na daktari, usitoke bila majibu ya mambo manne: anadhani ni ugonjwa gani, dawa hii inafanya nini na itaanza kusaidia baada ya muda gani, madhara gani nikiyaona nirudi mara moja, na tunarudi lini. Andika majibu mbele yake. Usishangae pia jina la ugonjwa likibadilika. Saikosi, yaani hali hiyo ya kusikia sauti au kuamini yasiyokuwepo, ikimjia kijana mara ya kwanza inaweza baadaye kuonekana kuwa skizofrenia, ugonjwa wa muda mrefu wenye dalili hizo, au baipola, au isirudi tena. Daktari mzuri hakimbilii jina.

3. Ndugu, mganga na dua

Hapa ndipo familia nyingi zinapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bibi yake, mama mkwe wangu, alitoka Korogwe kwa basi la usiku. Alimwangalia mjukuu wake, akalia, kisha akasema jambo liko wazi, mtoto kachezewa. Ningeweza kumjibu kwa ukali. Lakini huyu ni mtu aliyemlea mwanangu miaka miwili ya kwanza, na nisingemshinda kwa kubishana kama uchawi upo au haupo. Nilimwandalia chai, nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, dua tutaiomba, na mtakayemwita aje hapa nyumbani amsomee. Nakuomba mambo matatu tu. Dawa za hospitali zisikatwe hata siku moja. Asifungwe wala kupigwa. Na asinyimwe chakula wala usingizi kwa jina la tiba." Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hayo matatu ni haki yake."

Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa masharti. Shemeji yangu alipoleta habari za mganga mmoja wa huko porini anayewafunga wagonjwa minyororo kwenye magogo, bibi ndiye aliyemfukuza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usipoteze nguvu kupigania chanzo. Pigania masharti. Mtu anayeamini jini anaweza kuwa msaada mkubwa kama anamkumbusha mtoto kidonge cha jioni. Ila kuwa mkali pasipo aibu kwa chochote kinachoingizwa mdomoni au puani. Mizizi na mafusho yanaweza kugongana na dawa za hospitali, na daktari anapaswa kujua kila alichopewa.

Na yule atakayekuambia umemlea vibaya, usimjibu. Skizofrenia na baipola haziletwi na malezi. Kuna urithi wa damu ndani yake, kuna ubongo unavyokua, kuna misukosuko, na bangi ya mapema kwa kijana mwenye mwelekeo huo inaongeza hatari.

4. Dawa

Hakuna kitu kilichonifunza unyenyekevu kama dawa.

Mwezi wa pili wa matibabu nilitoa godoro lake nje kulianika. Chini yake nikakuta karatasi ya daftari imekunjwa, ndani yake vidonge kumi na vinne. Damu ilinichemka. Nilimwita, nikamuonyesha, naye hakukana. Akasema, "Zinanigeuza shingo, mama." Kumbe alikuwa akipata mkakamao wa shingo na macho kuvutwa juu, usiku, peke yake, akidhani ndio wale wanaomfuata wamemfikia. Alikuwa anatumia haloperidol, dawa ya saikosi, na madhara hayo yanajulikana vizuri kabisa. Kuna kidonge kingine cha kuyatuliza. Nilikuwa sijui kwa sababu sikuuliza, na yeye hakusema kwa sababu kila alipokohoa kuhusu dawa mimi nilipaza sauti.

Tangu hapo nafanya hivi.

Dawa inakaa kwenye kabati lenye ufunguo, na ufunguo unakaa kwangu. Namuita baada ya chakula cha jioni, nampa mkononi, anakunywa na maji glasi nzima, tunakaa tunaongea kama dakika kumi mambo mengine kabisa. Simfungui mdomo kumkagua kama mahabusu. Yale maongezi yanatosha kuhakikisha kidonge kimeshuka.

Kila wiki namuuliza swali moja: "Wiki hii dawa imekufanyia nini kibaya?" Simuulizi kama imemsaidia, maana hapo atajibu ninachotaka kusikia. Kutetemeka mikono, mate kujaa, miguu kukataa kutulia, usingizi wa kupitiliza, hedhi kukatika au maziwa kutoka kwa msichana, yote yaandikwe na yapelekwe kliniki. Shingo, taya au macho yakikakamaa, au homa kali ikija pamoja na mwili mgumu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mwanangu baadaye alibadilishiwa dawa, akapewa olanzapine. Shingo ikapona, njaa ikaja. Aliongezeka kilo tisa ndani ya miezi minne. Ilibidi nibadili sufuria: maharage na mboga za majani nyingi, wali kidogo, soda ikatoka nyumbani kwa wote ili asijione ameonewa yeye, na jioni kutembea na baba yake mpaka sokoni na kurudi. Omba apimwe uzito, shinikizo la damu na sukari mara kwa mara.

Kama una binti na amepewa valproate, dawa ya baipola na kifafa, muulize daktari waziwazi kuhusu ujauzito, hata kama binti ni mdogo na unaona haya. Dawa hiyo inaweza kumdhuru sana mtoto aliye tumboni, na madaktari wengi wakiulizwa huangalia dawa nyingine.

Subira pia ina hesabu yake. Dawa za saikosi zinaweza kumtuliza mtoto ndani ya siku chache, ila sauti zenyewe huchukua wiki kadhaa kupungua. Dawa za sonona huhitaji wiki mbili hadi sita, na kwa vijana wiki za mwanzo zinataka jicho la karibu, kwani baadhi yao huwaza kujiua zaidi kabla nafuu haijafika. Na akipata nafuu, hapo ndipo kishawishi kinapokuja cha kuacha. Usimwachishe kwa sababu amepona, maana mara nyingi dawa ndiyo inayoshikilia huko kupona. Baada ya saikosi ya kwanza kwa kawaida huendelea mwaka mmoja au miwili, na kupunguza ni kwa hatua, kwa mkono wa daktari. Safari ikiwadia, ya msiba au ya sikukuu, beba dozi ya wiki moja zaidi. Sisi tulirudiwa mara ya kwanza kwa sababu ya msiba wa siku tatu uliogeuka siku kumi.

5. Anaposikia sauti, mjibu hivi

Makosa ni mawili, nami niliyafanya yote. La kwanza ni kubisha: "Hakuna mtu! Acha ujinga!" Kwake sauti ile ni halisi kama yako, kwa hiyo unachomwambia ni kwamba huwezi kuaminika. La pili ni kukubali ili yaishe, kama nilivyowahi kwenda dirishani nikajifanya nawafukuza. Usiku ule hakulala kabisa. Mama naye kawaona, sasa ulinzi uko wapi?

Njia iliyobaki ni nyembamba na inapitika. Sema unachokiona wewe, kubali anachokihisi yeye, kisha mpeleke kwenye jambo la mikono. Kwetu huwa hivi:

"Mama, wanasema niondoke hapa."

"Mimi siwasikii, mwanangu. Ila naona wanakutisha. Unaogopa sana?"

"Ndiyo."

"Basi njoo tukae barazani. Nisaidie kuchambua huu mchele."

Mchele una faida. Macho yanashuka, vidole vinapata kazi, na hamlazimiki kutazamana. Wengine hutumia redio, wengine kumenya vitunguu. Mwanangu sauti zikizidi huvaa spika za masikioni akasikiliza mpira.

Swali moja lazima liulizwe, kwa upole: "Wanakuagiza ufanye nini?" Sauti za kutukana zinaumiza. Sauti zinazoagiza ajidhuru au amdhuru mtu ni jambo la kwenda hospitali siku hiyo.

6. Nyumba

Mtafiti George Brown na wenzake huko London, katika miaka ya 1960 na 1970, waliwafuatilia watu wenye skizofrenia waliotoka wodini kurudi makwao. Waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au ndugu wanaowaingilia kila pumzi, walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Daktari aliponieleza hayo nilijisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa na lawama na nilikuwa namfuata mpaka chooni. Akaniambia, "Mama, hawakusema ndugu ndio walioleta ugonjwa. Walisema ndugu wana dawa mikononi."

Kwa vitendo: punguzeni sauti ya nyumba, hasa usiku. Saa ya kulala na ya kuamka isibadilike hata Jumapili. Usimwite jina la ugonjwa, wala wadogo zake wasimwite chizi hata kwa utani. Mpe kazi moja iliyo yake kila siku, ndogo, yenye mwisho unaoonekana. Wangu alipewa kumwagilia miche ya mchicha. Siku asipoifanya, usimpigie kelele. Fanya nusu, mwachie nusu.

Sifa nayo iwe ya kitu. "Leo umeoga bila kuambiwa, nimefurahi" inaingia. "Wewe ni mtoto mzuri" inapita tu.

7. Usiku wa hatari

Anza kujiandaa siku ya amani. Sumu ya panya, dawa za kuulia wadudu wa shambani na dawa zote za nyumbani ziende chini ya kufuli, au zitoke kabisa. Tambua mwenye bajaji au teksi anayekubali kuja saa nane usiku, mwambie mapema ni kwa ajili ya nini. Mweleze mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani wawili wa karibu. Najua inauma kusema. Lakini kijana aliyechanganyikiwa akitangatanga usiku kwenye mitaa yetu anaweza kuitiwa mwizi, na mwenyekiti anayemjua ndiye atakayezuia. Mimi nilishona namba yangu ya simu ndani ya upindo wa mashati yake yote.

Ukihofia anawaza kufa, muulize kwa maneno yenyewe: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi wazo. Vijana wengi hushusha pumzi kwamba kuna mtu amethubutu kulitaja. Akisema ndiyo, muulize kama amepanga namna na wakati. Akiwa na mpango, usimwache peke yake hata anapokwenda msalani, na mwende hospitali. Kwa Tanzania na Kenya, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Kuna wazazi wanaoficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Tanzania, Kanuni ya Adhabu bado inalitaja kuwa kosa. Hata hivyo nakusihi, usiruhusu hofu hiyo ikucheleweshe dakika moja. Kwanza uhai, mengine yatazungumzwa mtoto akiwa kitandani.

Akiwa amechafuka na anatupa vitu: azungumze mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, kwa sentensi fupi. Usisimame mlangoni ukamzibia njia. Watoto wadogo watolewe. Watazamaji watolewe. Simu zishushwe, jirani yetu mmoja alianza kurekodi video, na mwanangu alikumbuka kamera ile kuliko kitu kingine chochote cha usiku ule. Usimfunge kamba. Kama ni lazima ashikwe ili afike hospitali, wamshike watu anaowajua, huku mmoja akimwambia kila kinachofanyika: "Sasa tunaingia kwenye gari. Mimi niko hapa."

Na siku akirudi, usimfanyie kesi ya yale aliyoyavunja.

8. Shule

Ongea na watu wawili tu: mkuu wa shule na mwalimu mmoja anayempenda mtoto. Peleka barua ya hospitali, na uombe mambo yanayotekelezeka. Mimi niliomba asichapwe kwa kuchelewa, kwa sababu dawa ya usiku ilimfanya aamke kama amelewa, na akae karibu na mlango ili aweze kutoka akizidiwa. Kisha nikamuuliza daktari kama dozi inaweza kusogezwa mapema jioni. Ilisogezwa, na kuchelewa kukapungua.

Bweni nilimtoa. Wapo wanaoweza kubaki, ila jiulize ni nani atakayempa dawa na nani atakayegundua kwamba hajalala siku mbili. Alirudia kidato cha tatu shule ya kutwa. Mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Nililia kwa ajili ya mwaka ule kuliko alivyolia yeye.

9. Wewe na waliobaki

Mdogo wake alikuwa na miaka tisa. Siku moja, akioshwa miguu, akaniuliza, "Na mimi nitaambukizwa?" Alikuwa amelibeba swali hilo kwa miezi. Waambieni wadogo zake ukweli kwa lugha yao: kaka anaumwa, ugonjwa uko kichwani, hauambukizi, hakuna aliyeusababisha, na wakiogopa waje kwa nani. Kisha watengeeni muda usiohusu ugonjwa hata kidogo.

Mimi na baba yake tuligawana usiku: yeye mpaka saa nane, mimi mpaka asubuhi. Kabla ya hapo tulikuwa wote macho na wote wakali. Usipokuwa na mwenza, omba ndugu mmoja usiku miwili kwa wiki, na umwambie wazi kwamba humuombi fedha. Mzazi asiyelala mwezi mzima naye anakuwa mgonjwa, na ukijiona unalia kila siku au unatamani usiamke, daktari wa mwanao ni daktari wako pia.

Zungumza na watu wa benchini. Tuko akina mama wanne tuliokutana hapo. Dawa zikiwapo tunapigiana simu, na asiye na nauli mwenzake humchukulia.

10. Kadi ya ndani ya kabati

Kila mtoto huwa na dalili zake za ugonjwa kurudi, na mara nyingi hujirudia zile zile. Rudia daftari lako, tazama wiki mbili kabla ya kila anguko, utaziona. Ziandike kwenye kadi, nyinyi wote pamoja na mtoto akiwa mzima, mkubaliane kwamba zikitokea mbili, mnakwenda kliniki wiki hiyo bila kungoja tarehe ya kadi ya hospitali. Akitimiza miaka 18 daktari ataanza kumuuliza yeye kwanza na pengine kukuomba usubiri nje. Kadi hiyo ndiyo itakayokuwa makubaliano yenu, kwa hiyo iwe na mkono wake.

Yetu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la dawa. Niliandika tatu: kulala kwa muda usiofika saa nne kwa usiku miwili mfululizo, kukataa chakula alichopika mtu mwingine, kanga kwenye televisheni. Yeye akachukua kalamu akaongeza ya nne: "Nikianza kuwajibu watu ambao hawajaongea."

Mimi nisingeweza kuiona hiyo kutoka nje. Mwaka jana aliiona mwenyewe, Jumapili usiku, akaja kugonga mlango wa chumba chetu. Jumatatu saa moja asubuhi tulikuwa benchini.